Ukitaka kubishana kuhusu albamu za konsepti za hip hop, anza hapa

Kuna ubishi mmoja hauishi kwa mashabiki wa hip hop, ule wa albamu za konsepti, yaani albamu zilizojengwa juu ya stori au wazo moja. We taja tu good kid, m.A.A.d city ya Kendrick Lamar mbele ya mtu anayeishi kwa Illmatic ya Nas uone, huyu atasema albamu isiyo na stori ni ngoma kali zimewekwa pamoja tu, yule atasema stori haina maana kama biti hazikushiki, wa tatu anatoa alama za Pitchfork, lile jarida la mtandaoni la uhakiki wa muziki, na kwake kesi imefungwa. Ukiwasikiliza vizuri unagundua hawabishani hata kidogo, kila mtu anaongelea kitu chake. Na inauma, kwa sababu ubishi wa muziki ukiwa na ushahidi ndani yake ni mtamu kuliko karibu kila kitu ambacho washkaji wanaweza kufanya wakiwa wamekaa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: konsepti lazima isikike. Kama stori ya albamu unaipata kwenye intavyuu ya msanii au kwenye maelezo ya lebo lakini ukivaa hedifoni huioni, basi stori iko kwenye intavyuu, kwenye albamu haipo. Kipimo hicho hicho nampimia mhakiki: anachokisema nikirudi kwenye ngoma nakisikia au sikisikii?

Kubalianeni kwanza mnaita nini konsepti

Hapa ndipo ubishi mwingi unakufa kabla haujaanza. Kuna albamu inasimulia stori moja mwanzo mpaka mwisho, mfano A Prince Among Thieves ya Prince Paul ya mwaka 1999, kijana anaitwa Tariq anataka hela ya kumalizia demo yake ili akakutane na watu wa kundi la Wu-Tang, anaingizwa kwenye biashara ya madawa na rafiki yake, na kila rapa humo ndani ana uhusika wake, Kool Keith anauza silaha, Big Daddy Kane ni pimpu, Everlast ni polisi. Ni mchezo wa redio uliorapiwa. Halafu kuna albamu ya mhusika au ulimwengu, Deltron 3030 ya mwaka 2000, rapa Del anarap kutoka mwaka 3030 na Dan the Automator ndio kapika biti, stori yenyewe haisogei sana lakini ulimwengu uko mzima. Halafu kuna zile zenye fremu moja, Dave wa London na Psychodrama ya 2019, albamu nzima iko ndani ya vikao vya tiba ya akili, sauti ya mtaalamu inaingia na kutoka, na ndani ya fremu hiyo anaongea vitu vyake vingi tu.

Illmatic siiweki kwenye hayo makundi. Ina mahali pamoja, Queensbridge, mtaa wa Nas kule New York, ina kijana mmoja na umri mmoja, lakini umoja wa mahali sio konsepti, na kusema hivyo sio kuitukana. Watu wengi wanadhani "ya konsepti" ni cheo, kwamba albamu ikiitwa hivyo imepanda daraja, ndio maana wanavuta kila albamu wanayoipenda iingie humo. Haina haja. Illmatic ni kubwa bila hilo jina.

Andaa masikio kabla ya mdomo

Wengi wetu huku Afrika Mashariki hizi albamu zilitufikia vipandevipande. Ulienda kwa jamaa wa kuingizia nyimbo kwenye flashi au memori kadi, anakuwekea ngoma kali tano za Kendrick katikati ya Fid Q na Rick Ross, skiti zote, yaani vile vipande vifupi vya maongezi na maigizo kati ya nyimbo, ziko nje. Ngoma ulizipata, albamu hukuipata. Kwa hiyo kabla hujatoa hukumu yoyote fanya haya.

Tafuta toleo la kawaida, sio la deluxe. Good kid ina nyimbo 12 na inaisha na "Compton", pale ndipo stori inafunga. Kwenye deluxe zinafuata nyingine, "The Recipe" na wenzake, nzuri tu, ila ukiziunganisha unaanza kujiuliza mbona stori imepotea mwishoni, na nimeshaona watu wanailaumu albamu kwa kosa hilo. Zima ile setingi ya kwenye app inayofanya wimbo unaoisha uingiliane na unaoanza, maana skiti nyingi zinakaa sekunde za mwisho za wimbo na ndizo zinazobeba stori, na zima pia ile ya app kuendelea kujichagulia nyimbo albamu ikiisha. Kuchanganya mpangilio wa nyimbo usiguse kabisa.

Mara ya kwanza sikiliza bila kusoma chochote, hata kama Kiingereza cha Compton, kwao Kendrick kule California, kinakupiga chenga. Utashangaa ni kiasi gani cha stori kinapita kwa sauti tu, pumzi, mlango wa gari, mtu kupandisha sauti. Mara ya pili ndio fungua mashairi, kwenye tovuti ya Genius au popote. Ila kwenye Genius kuwa makini sana, mashairi ni kitu kimoja na maelezo ya pembeni ni kitu kingine, yale maelezo mengi yameandikwa na mashabiki kama mimi na wewe, mengine ni dhahabu na mengine ni nadharia za mtu alielala saa tisa usiku. Ukienda kwenye ubishi beba mstari, usibebe maelezo ya pembeni.

Jinsi stori inavyosikika: good kid, m.A.A.d city

Nakaa hapa kidogo kwa sababu ukiielewa hii unapata kipimo cha nyingine zote. Ilitoka Oktoba 2012, na kwenye kava kabisa imeandikwa kwamba ni filamu fupi ya Kendrick Lamar, kwa hiyo jamaa katoa ahadi, sisi kazi yetu kuangalia kama kailipa.

Inaanza na vijana wanasali sala ya toba. Hujui ni kina nani, hujui kwa nini. Halafu unaingia kwa Kendrick akiwa kijana mdogo anaendesha gari ya mama yake kwenda kwa demu anaitwa Sherane, anafika anakuta wanaume wawili wamevaa hudi nyeusi, na pale pale simu inaita. Wimbo unakatika. Kinachofuata ni sauti ya mama yake kaacha meseji kwenye simu, anauliza gari yake iko wapi, si ulisema dakika 15, na nyuma yake baba mtu anapiga kelele za domino. Unacheka, ni kama nyumbani kwa mtu yeyote. Lakini wale jamaa wa hudi umeachwa nao hapo, hujui kimetokea nini, na Kendrick hakujibu mpaka ngoma kadhaa mbele baada ya "Poetic Justice" ambapo skiti inakurudisha pale pale na wale jamaa wanaanza kumuuliza anatokea wapi. Katikati kakurudisha nyuma kwenye siku ile ile, "Backseat Freestyle", "The Art of Peer Pressure", wakiwa na washkaji kwenye gari, wakivunja nyumba ya mtu.

Halafu "Swimming Pools". Hii ngoma ilipigwa klabu dunia nzima, watu wananyanyua glasi. Ndani ya albamu inakuja wakati kijana kashapigwa, washkaji wanampa pombe apoze maumivu huku wanapanga kulipiza, na skiti ya mwisho wa ngoma risasi zinalia na mshkaji wao Dave anakufa. Wimbo ule ule, sentensi zile zile, lakini ukiusikia mahali pake unakuwa mwingine kabisa. Mtu akikwambia konsepti haibadilishi chochote mpe huo mfano na umwache na hedifoni.

Na "Sing About Me, I'm Dying of Thirst", dakika 12. Vesi ya kwanza anaongea kaka yake Dave, anasema kama nikifa kabla albamu yako haijatoka, na kabla hajamaliza risasi zinamkata katikati ya mstari. Vesi ya pili ni dada mmoja ambaye Kendrick alishamwimba ndugu yake kwenye Section.80, albamu yake ya kabla ya hii, dada amekasirika, amesema hatafifia kamwe, na wakati anasema hivyo sauti yake inashushwa taratibu mpaka husikii kitu huku bado anaongea. Hakuna mtu aliyekuelezea kwamba anasahaulika. Injinia wa sauti kashusha kitufe tu na ukaelewa. Hicho ndicho ninachoita konsepti inayosikika, na nikikwambia wimbo ule unanigusa kila nikiusikia siongezi chumvi. Baada ya hapo mama mtu mzima anawakuta wale vijana na hasira zao, anawasalisha, na sauti ya yule mama ni ya Maya Angelou, mwandishi na mshairi wa Marekani, na ile sala ndio ile uliyoisikia sekunde ya kwanza ya albamu.

Mwishoni kabisa baada ya "Compton" unasikia kijana anamwambia mama yake anachukua gari mara moja, anarudi dakika 15 hizi.

Sasa utaona kwa nini mpangilio ukichanganywa albamu inaumia. Na hicho ni kipimo kizuri ila usikitumie kibabe, maana DAMN., albamu ya Kendrick ya 2017, ilitoka tena Desemba mwaka ule ule ikiwa imegeuzwa, wimbo wa mwisho ndio wa kwanza, na ikasikika sawa, kwa sababu ilijengwa hivyo: "DUCKWORTH." inaisha na mlio wa risasi, kanda inarudishwa nyuma na unasikia ile sentensi ya kwanza ya albamu tena. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili, ukibadilisha mpangilio kuna maana inayopotea au inayozaliwa? Kama jibu ni hakuna kitu kimebadilika, basi mlikuwa mnasikiliza mkusanyiko.

Usimchanganye rapa na mhusika

Hii ndio inayogombanisha watu zaidi. Mtu anasikia "Backseat Freestyle" peke yake anasema Kendrick nae kumbe ni wale wale, hela na ubabe. Yule ni kijana wa miaka 16 kwenye siti ya nyuma anafristaili mbele ya washkaji. Sisi hili tunalijua siku nyingi, Professor Jay kwenye "Ndio Mzee" anaongea kama mgombea anaeahidi makubwa na watu wanaitikia ndio mzee, na hakuna mtu Bongo aliyefikiri Jay mwenyewe ndio anaahidi vile. Tumia sikio lile lile. Kabla hujamlaumu msanii kwa mstari, uliza nani anaongea, anaongea na nani, na albamu inamfanya nini baadae.

Ila mlango huo usiufungue sana. Kuna mashabiki kila upuuzi wa msanii wao wanausingizia mhusika. Kama ni mhusika lazima kuwe na alama ya kumtofautisha, sauti imebadilika, skiti imemtambulisha, kuna mtu anamjibu. Hakuna alama hata moja? Basi huo mstari ni wake, aubebe.

Ruksa kusema konsepti nzuri, ngoma za kawaida

Hizi ni hukumu mbili tofauti na lazima ziachwe zitofautiane. A Prince Among Thieves naiheshimu sana, ila ina traki 35, nyingi ni maongezi, na ni ngumu kuchomoa wimbo mmoja ukausikiliza kwenye daladala. Mi nasema stori imekula muziki kidogo pale. Upande wa pili kuna undun ya The Roots, Desemba 2011, haifiki hata dakika 40, inasimulia maisha ya mtu anaitwa Redford Stephens kurudi nyuma kuanzia kifo chake, inafungua na mlio wa mashine ya hospitali na inaisha na muziki mtupu bila maneno. Biti na hali ya huzuni pale ni za kiwango cha juu sana. Lakini je, jina la Redford, maisha yake, kwamba muda unarudi nyuma, ungelijua bila kuambiwa? Kifo mwanzoni unakisikia. Mengine kwangu mengi yako kwenye maelezo yaliyokuja na albamu. Naipenda na bado nasema hivyo, na mtu akinionyesha mistari inayoniumbua nitaisikiliza tena usiku huo huo.

Sasa wahakiki

Kosa la kwanza ni kubishana na namba. My Beautiful Dark Twisted Fantasy ya Kanye West, 2010, Pitchfork waliipa 10 kamili, Anthony Fantano, mhakiki wa YouTube, akaipa 6. Albamu moja, mwaka mmoja. Namba hizo mbili hazikwambii kitu mpaka usome au usikilize sababu. Jarida la hip hop la The Source walikuwa wanatoa maiki mpaka tano, mhakiki Robert Christgau alikuwa anatoa herufi kama mwalimu wa darasa, Metacritic inakusanya zote hizo inazigeuza kuwa alama moja kati ya mia na baadhi ya magazeti inayapa uzito kuliko mengine. Kwa hiyo mtu akija na Metacritic kakuletea wastani wa watu ambao hawakukubaliana.

Ukisoma uhakiki fanya kitu kimoja, kata sentensi zote zinazoongelea umaarufu wa msanii, bifu zake, mauzo yake, na "umuhimu wa wakati huu". Angalia kilichobaki. Kikibaki kitu kama "hapa sauti inashushwa, hapa prodyuza karudisha ile sampo (kipande cha rekodi nyingine) ya mwanzo", huyo ni mhakiki, mheshimu hata kama kaipa albamu yako 5. Kikibaki sifa tupu, achana nae hata kama kaipa 10.

Halafu angalia tarehe. To Pimp a Butterfly ya Kendrick ilitoka Machi 15, 2015, siku kama nane kabla ya tarehe iliyokuwa imetangazwa, albamu ya karibu dakika 79, na rivyu zikaanza kumwagika ndani ya siku chache. Sasa albamu ile ina shairi linaloongezeka kidogo kidogo mwisho wa nyimbo, kila likirudi limerefuka, na ni mpaka "Mortal Man" mwishoni ndio unagundua alikuwa anamsomea 2Pac, sauti ya 2Pac imetolewa kwenye mahojiano aliyofanya na mwandishi wa Sweden mwaka 1994. Kitu kama hicho kinataka muda kikuingie. Wengi waliisifia na walikuwa sahihi, ila rivyu ya siku ya tatu isome kama ya siku ya tatu. Wenyewe wanalijua hilo, mwaka 2021 Pitchfork walirudi wakazipa alama upya albamu kadhaa walizozihukumu zamani.

Na tuzo zisikuchanganye na uhakiki. Grammy za Januari 2014 albamu bora ya rap ilienda kwa Macklemore na Ryan Lewis na The Heist, good kid ikatoka mikono mitupu, mpaka Macklemore mwenyewe akamtumia Kendrick meseji kwamba alistahili yeye na akaiposti. Miaka minne baadae, 2018, DAMN. ikachukua Pulitzer ya muziki, tuzo ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya klasiki na jazz tu. Ukisema "haikushinda Grammy" umesema kitu kuhusu wapiga kura.

Ila nawatetea wahakiki pia, mashabiki tunawaonea. Mhakiki akisema skiti zimezidi anakwambia kitu cha kweli kuhusu kusikiliza mara ya ishirini, wakati wewe bado uko kwenye mapenzi ya mara ya pili. Mjibu kwa kumwonyesha skiti gani ikitolewa stori inakatika. Ukishindwa kuitaja, kashinda.

Ukitaka uwanja wa mazoezi tafuteni De La Soul Is Dead ya kundi la De La Soul, ya mwaka 1991, siku hizi iko kwenye apps zote, walichelewa mpaka Machi 2023 kwa sababu ya mambo ya sampo. Skiti zake zinafuata kaseti ya albamu yenyewe: dogo mmoja kaiokota kwenye takataka, mbabe kamnyang'anya, na mbabe na genge lake wanaisikiliza huku wanaiponda ngoma baada ya ngoma, mwisho wanaitupa tena. Yaani wakosoaji wamo ndani ya albamu na wana hoja zao, na The Source nje wakaipa maiki tano. Kaeni wawili, mmoja amtetee yule mbabe kwa dhati, ngoma kwa ngoma, mwingine aitetee De La, na kila hoja iwe na dakika na sekunde zake.